Jiwe Langu la Kupimia Triga

Siku ya kwanza kazini nilivaa suruali yangu ya sikukuu ya Idi. Msimamizi wa uwanja wa shabaha, Meja mstaafu, aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kandambili, kisha akanipa bunduki isiyo na risasi.

"Kitako kimepasuka. Unakiweza?"

"Mie seremala, Meja. Mti ni mti."

"Hapa mti una sheria."

Sikumwelewa. Nilikuwa nimetoka Tandale kubeba magunia na kuranda vitanda, shule nimeishia darasa la nne, na sheria niliyoijua ilikuwa ya mgambo. Lakini kile kitako nilikiunga, na ufa hadi leo hauonekani. Hilo nalisema bila aibu. Aibu inakuja mbele.

Uwanja uko nyuma ya vilima vya Goba, umechimbwa ubavuni mwa kilima ili risasi ziishie kwenye udongo. Nyie vijana mmekuta karakana ina feni. Enzi zetu ilikuwa meza moja na jiliwa la kubania vyuma. Nilianzia stoo kusafisha mitutu, nikapelekwa kwenye vitako, mwisho nikakabidhiwa meza ya ukaguzi. Kitabu cha sheria kilikuwa cha Kiingereza. Mie nilisomewa na Meja, nikashika kichwani. Bunduki ya mashindano unaruhusiwa kuibadilisha, ila kwa mpaka. Shavu, yaani kipande cha mti unacholazia uso, unaweza kulipandisha. Bamba la bega unaweza kulishusha. Uzito usizidi, na triga isiwe laini kupita kiasi, maana triga laini unaigusa tu risasi imekwenda, kabla mkono haujatikisika. Huo ni ushindi wa wizi.

Kwa hiyo triga inapimwa. Unasimamisha bunduki tupu, mtutu unatazama juu, unatundika kwenye triga jiwe la kilo moja na nusu, halafu unainyanyua. Triga ikilibeba jiwe, umepita. Ikifyatuka, nenda kakaze skrubu urudi.

Jiwe la zamani lilipotea tulipohamisha stoo. Meja akaniambia, "Tengeneza jingine, kisha ulipeleke kwa watu wa vipimo walipige muhuri." Kutengeneza hakukunishinda. Niliokota risasi zilizokwisha kupigwa, nikaziyeyusha kwenye kopo, nikatia ndoano. Kwa watu wa vipimo ndiko nisikokwenda. Nilijua watanipa fomu nijaze, na mie kalamu ilikuwaga inanitoa jasho kuliko gunia. Nikaenda Tandale kwa muuza mchele niliyewahi kumbebea mizigo, tukaliweka kwenye mizani yake, nikalipiga tupa mpaka mshale ukatulia. Mie yule yule niliyekuwa namwonya mke wangu kila wiki kwamba mizani za kule zinaiba! Nikarudi kifua mbele, na kwa jiwe hilo nikapitisha bunduki za klabu nzima kwa miaka.

Kisha yakaja mashindano ya kuchagua timu ya kwenda nje. Mtu wetu alikuwa Mwanaisha, binti wa Temeke, fundi cherehani. Nilimchongea kitako cha mninga kufuata shingo yake ndefu. Umri ulikuwa umeanza kumtupa mkono, na wote tulijua ile ndiyo nafasi yake ya mwisho. Mezani safari hii alikaa mkaguzi mgeni, kijana mwembamba, jiwe lake lina muhuri. Kengele ya kufunga ukaguzi ikilia, bunduki ambayo haijapita haipigi.

Akatundika jiwe, akanyanyua bunduki ya Mwanaisha. Ta!

"Imefyatuka, sista. Kakaze, urudi. Muda upo."

Mwanaisha akanigeukia. "Babu, bisibisi."

Ilikuwa mfukoni mwangu. Lakini watu walikuwa wananitazama, na mie ndiye niliyeipitisha bunduki ile.

"Jiwe lako ndilo bovu, kijana," nikasema.

"Langu lina muhuri, mzee wangu."

"Muhuri! Hata kwenye muhogo unachongwa!"

"Babu, kaza kwanza, mtabishana baadaye," Mwanaisha akasema, ameshanishika mkono wa shati.

"Nyamaza! Wakubwa wanaongea."

Kijana hakukasirika. Alichukua ufito wa kusafishia mtutu, akaufunga kamba katikati, akauning'iniza. Upande mmoja akafunga chupa ya maji ya lita moja na nusu, haijafunguliwa. Upande wa pili akatundika jiwe langu, nililokuwa nimekuja nalo. "Maji haya ni kilo na nusu, mzee. Na muhuri hayana."

Chupa ikashuka. Jiwe langu likapanda juu kama kifuu kitupu.

Mtunza stoo wetu, aliyejua nililipimia wapi, akapiga ukelele nyuma yangu: "Loo! Babu katupimia kwa kipimo cha mchele!" Uwanja mzima ukacheka. Nikaanza kuitafuta bisibisi mfukoni, na kengele ikalia.

Mwanaisha hakulia. Alilaza bunduki kwenye begi, akafunga zipu taratibu. "Babu, nishikie begi, nikanawe uso." Nikalishika.

Kesho yake Meja hakupandisha sauti. "Jiwe lilikuwa na dawa, skrubu tu," aliniambia. "Mdomo wako ndio haukuwa na dawa. Sasa nenda kwa watu wa vipimo." Nikaenda. Binti wa kaunta aliniuliza jina, akanijazia fomu mwenyewe, wala hakuinua macho.

Nimestaafu sasa. Vitako vyangu bado vinapiga shabaha, na sijaona seremala wa kunizidi. Ila nikikumbuka kazi ile yote, ninachokisikia ni ile "nyamaza."

Siku ya kuniaga walipika pilau pale pale uwanjani. Mwanaisha alipewa nafasi ya kusema, akasimulia jinsi nilivyompima shingo kwa uzi wa cherehani yake mwenyewe, watu wakacheka vizuri. La jiwe hakuligusa. Akaja kukaa kando yangu na sahani yake. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi, nimeyarudia njia nzima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. Kisha nikamwambia pilau imekolea.