Beseni la Mlangoni kwa Nguruwe

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Ukungu ulilala mpaka saa nne, kisha upepo wa baridi. Jua halikutoka vizuri.

Jana kaka yangu alipanda kutoka Mbaha, kule ziwani, kuja kumchukua binti yake. Msichana ana usonji, ni mkubwa sasa, nami nakaa naye tangu mwaka jana. Kila siku nakwenda naye kwenye mabanda ya nguruwe ya masista. Mimi ni mtunzaji pale, yeye wamempokea ajifunze kazi. Kaka anasema imetosha, hajabadilika. Si uongo. Bado hasalimii mtu, na nguruwe wakipiga kelele za njaa anaziba masikio. Kwa hiyo kulisha nalisha mimi, yeye anaingia wakishanyamaza, anafagia na kujaza maji. Sijui kama huko ni kumsaidia au kumdekeza.

Leo kaka akataka kuiona hiyo kazi yenyewe. Mlangoni tunaweka beseni la maji ya dawa, maana homa ya nguruwe huingia na viatu vya watu. Nilimfundisha binti kwamba kila anayeingia anakanyaga humo, awe nani. Ilichukua muda kushika, lakini alivyoshika, ameshika. Kaka alikuja na viatu vyake vya kanisani. Binti akasimama mlangoni na fagio.

"Miguu," akasema.

"Shikamoo hakuna, naambiwa miguu!" Kaka akanigeukia akicheka. "Mdogo wangu, huku kwenu hata kuingia kwa nguruwe mpaka mtu abatizwe?"

"Miguu."

"Mimi baba yako. Nipishe."

Hakupisha. Niliona aibu. Kwetu mtoto hamzuii baba yake mlangoni, hata uwe mlango wa banda. Nikamwambia, "Mwache apite, ni baba."

Hapo ndipo nilipoharibu. Alitazama viatu vya baba yake, akatazama beseni, akaangusha fagio na kuanza kujipiga kichwani kwa kiganja. Nikamshika mkono, akazidi. Nikakumbuka kwamba akiwa hivyo hashikwi, nikamwachia.

"Unaona sasa?" kaka akasema taratibu. "Ndiyo maana nataka arudi nyumbani."

"Leo kosa si lake, kaka. Nilimwambia ni kila mtu, halafu wewe nikasema upite bila kukanyaga."

Kaka akatazama viatu vyake. Kisha akaingiza mguu mmoja kwenye beseni, na wa pili, dawa ikapanda mpaka kwenye soksi. Binti alipunguza kujipiga, akaacha. Baadaye akaokota fagio, akasogea pembeni.

Kaka akaingia. Alimtazama akijaza maji banda moja baada ya jingine. Jike moja lenye mimba lilimsukuma binti kwa pua, naye akalisukuma kwa goti, akaendelea.

Tulifika stendi na binti na begi lake, kaka akasema, "Basi akae mpaka Krismasi. Kule nyumbani kila mtu ana amri yake, na kesho anaibadilisha." Sijui kama aliamini, au gari lilikuwa linaondoka na hakutaka ubishi. Naandika alivyosema.

Tuliporudi nyumbani nilimwambia binti kwamba anabaki. Alilichukua begi ambalo baba yake alishalifunga, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kwenye kamba ya nguo chumbani.

Jioni tulikula ugali na maharage. Yake nilimwekea kwenye kibakuli peke yake, yasiguse ugali.