Kidole Kwanza

Daktari Datius Kamala aliogopwa na hospitali nzima, kuanzia wodini hadi jikoni, na hakuna aliyejua kwamba mwoga kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akifundisha upasuaji wa kifua mjini Bukoba, na kila walipoletwa madaktari wapya wa mwaka wa kwanza, usingizi ulimpaa. Kumpasua mtu kwa mkono wako ni jambo moja. Kusimama pembeni, mikono nyuma, ukitazama mkono wa mwingine ukitafuta njia kati ya mbavu za mtu aliye hai, ni jambo jingine kabisa. Hofu hiyo aliifunika kwa ukali. Alifoka, alikejeli, alibandika watu majina.

Kila Alhamisi alipanda pikipiki yake kutoka nyumbani Muleba, nyuma amefunga upande mzima wa mbavu za mbuzi aliowekewa na Rwekaza, mwenye bucha. Juu ya mbavu hizo vijana walijifunza kuweka mpira wa kutoa hewa na damu kifuani. Hesabu mbavu kwa sauti mpaka ya tano. Pasua. Kisha ingiza kidole kabla ya mpira, useme kwa sauti kimegusa nini.

"Mpira ni kipofu," aliwaambia. "Kidole kwanza!"

Lakini mbuzi wa bucha ana hila yake. Ubavu wake wa kwanza uko wazi, unauona. Wa binadamu umejificha chini ya mtulinga, mfupa wa begani, kwa hiyo ule unaoanza kuugusa ni wa pili. Aliyezoea mbuzi husema "moja" hapo, akaishia chini kuliko inavyotakiwa, na akishuka zaidi kidogo atakuta ini badala ya pafu.

Agnetha, mmoja wa madaktari hao wapya, binti wa wakulima wa Buganguzi, alinaswa na hila hiyo mwezi wake wa pili, mbele ya mgonjwa mzee kutoka Kemondo. Hakuwa amepasua bado. Alisimama, akasema mwenyewe, "Samahani daktari, nimehesabu vibaya. Naanza upya."

Hofu ilimpanda Kamala, naye akaituliza kwa njia aliyoizoea. "Kumbe tumeletewa daktari wa mbuzi!"

Manesi walicheka, na jina likaganda. Tangu siku hiyo Agnetha hakukiri kosa tena, hata dogo. Alifanya kazi kimya, macho chini. Kamala aliuona ukimya huo akauita nidhamu. Ndivyo alivyo mtu akipenda kujidanganya, hakosi neno zuri la kufunikia.

Alhamisi moja ya mvua, kwenye kona kabla ya Kemondo, tairi la mbele liliteleza. Pikipiki ilienda upande wake, mbavu za mbuzi upande wake, na Kamala akatua juu ya jiwe kwa ubavu wa kulia. Dereva wa pikapu ya ndizi alimpandisha juu ya mikungu akamkimbiza Bukoba. Njia nzima Kamala alijipima mwenyewe: pafu limetoboka, hewa inavuja na kunasa kifuani, isipofunguliwa njia moyo utasimama. Kuna elimu nyingine ni adhabu. Mgonjwa mwingine angejua tu kwamba anaumwa, yeye alijua zimebaki dakika ngapi.

Walipomlaza mezani, mishipa ya shingo ilikuwa imevimba na sauti imekwisha. Daktari bingwa mwenzake alikuwa safarini. Juu yake aliuona uso wa Sista Jovita, nesi wa siku nyingi, na karibu yake uso wa Agnetha.

"Hatungoji picha," Agnetha alisema. "Sista, ganzi na kisu."

Alimchoma sindano ya ganzi, akaweka vidole chini ya mtulinga, akaanza kuhesabu kwa sauti, kama alivyofundishwa.

"Moja."

Kamala alihisi kidole kile kiko wapi. Kilikuwa juu ya ubavu wa pili.

Alitaka kupiga kelele. Midomo ilifunguka, pumzi haikutoka. Mbili. Tatu. Alijaribu kuinua mkono, Sista Jovita akaushika kwa upole akidhani ni maumivu. Nne. Tano. Kisu kilipita chini ya mahali pake, na kwa kitambi alichokuwa nacho Kamala, kilichosukuma ini juu, hapakuwa na nafasi ya kukosea hata kidogo. Kidole kiliingia. Hewa haikutoka.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika, na haikuwa hofu ya kisu. Makosa alikwishayaona mengi. Aliogopa ukimya. Aliwaza: huyu hatasema. Nimemfundisha asiseme. Ataona haya mbele ya manesi, atasukuma mpira humo humo ndani ya ini, nami nitakufa kwa sababu ya mzaha wangu mwenyewe.

Kidole kilikuwa kimesimama ndani yake.

"Nimekosea," Agnetha alisema. Sauti ilisikika mpaka mlangoni. "Kidole kimegusa ini. Nimehesabu kama kwa mbuzi. Napanda juu. Vumilia, tata, waitu, vumilia." Alimwita baba kwa Kihaya, kwa kubembeleza.

Kisu kikapita tena, juu zaidi. Kidole kikaingia, na hewa ikafoka kutoka kifuani kama tairi lililotobolewa. Kamala akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Machozi yalimtoka mbele ya wafanyakazi wake wote, wala hakujali.

Siku ya tatu, mpira ukiwa bado ubavuni, Agnetha alikuja kumkagua. Alipima, akaandika, akageuka kuondoka.

"Agnetha. Uliogopa?"

"Sana, daktari."

"Ini si mchezo. Hata mimi kifua cha mtu kinanitisha mpaka leo."

Agnetha alilikazia macho faili. "Sikuogopa kifua, daktari. Kidole kilipogusa ini nilijua la kufanya. Nilikuogopa wewe. Nilitaka kunyamaza. Nilihesabu mpaka tatu moyoni ndipo nikasema."

Kwa miaka kumi na saba Kamala alikuwa akihofia mikono ya vijana, na muda wote huo hatari ilikuwa mdomo wake. Ule muda wa hesabu tatu aliukumbuka vizuri. Alikuwa amelala pale mezani, hana pumzi, akiusubiri uishe.