Mama Mkwe Amegoma Dawa, Mume Wangu Anasema Nimemponza Mimi

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu usiyapunguze makali.

Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, daktari katika kituo cha afya hapa Singida Mjini. Mume wangu ana duka la dawa ng'ambo ya barabara. Wagonjwa wakitoka kwangu na cheti cha dawa, wengi huishia kwake.

Kwenye cheti mimi naandika jina la dawa yenyewe, siandiki jina la kampuni. Mgonjwa anachagua ya bei anayoimudu, maana dawa ni ile ile na imepita ukaguzi ule ule. Mume wangu hilo linamchoma. Anataka niandike zile za maboksi ya kung'aa, ndizo zenye faida. "Wenzako wanaandika, wewe unajifanya mtakatifu!" Namjibu kuwa mkulima wa alizeti akishindwa bei anameza nusu dozi, na presha haina huruma.

Mwezi uliopita akaitisha kikao: mshenga wetu, dada yake, na mama yake kutoka Kinampanda. Nikashtakiwa kuwa namhujumu. Wifi akadakia kwamba nawapa watu dawa za kimaskini. Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamuuliza mume wangu, "Mama anatumia dawa gani ya presha? Si hiyo hiyo ya bei nafuu, unayomtolea dukani kwa mkono wako? Na presha yake si imetulia?"

Mshenga akainamia kofia yake. Nisiwafiche jamani, nilijisikia raha.

Kumbe nimewasha moto mwingine. Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Yaani watu baki unawauzia nzuri, mimi niliyekuzaa unanipa hafifu?" Nikamweleza kuwa ni dawa moja. "Wewe nyamaza, unamtetea mumeo." Kesho yake akarudi Kinampanda, vidonge akaviacha mezani. Anasema hamezi mpaka mwanawe atamke mbele ya watu wale wale kwamba hakumpa hafifu.

Mume wangu hataki. Anajua wifi atalitangaza sokoni, na wateja wataacha maboksi. Jumamosi nilimfuata mama mwenyewe huko Kinampanda. Shikamoo yangu aliitikia shingo upande. Nikampima, presha imepanda, vidonge akakataa. Nilirudi nalia njia nzima.

Jana mume wangu akasema, "Umemponza wewe. Mwandikie ya boksi, ameze, yaishe." Nikakataa. Nikiandika, mji mzima utasema hata daktari kamhamishia mama mkwe wake kwenye maboksi, na wagonjwa wangu watavitupa vidonge vyao. Nikamwambia, "Mama yako hahitaji boksi. Anahitaji wewe useme ukweli." Tangu jana hatusemezani.

Kuhusu kalamu yangu sihitaji ushauri, hiyo haibadiliki hata ndoa ikitikisika. Nishaurini hili moja: mwanaume anayeona aibu kusema kweli mbele ya mama yake mzazi, namfungua vipi mdomo kabla mama hajaanguka?