Mbio Nilizozisikia Nikiwa Edani

Mume wangu hakufa kwa gari. Nasema mapema, maana watu wa Kibaha kwa kuvumisha hawajambo. Alikufa kwa homa, kitandani kwetu Misugusugu, mkono wake umo ndani ya mkono wangu.

Gari lake la mashindano likabaki uani. Tobaa, ungeliona ungecheka! Halina milango, halina vioo, kiti kimefungwa kwa kamba ya katani, ubavuni namba ya chokaa. Magari yote ya mbio zetu yalikuwa hivyo. Mzungu wa shamba la mkonge alipoondoka baada ya Uhuru, aliacha uwanja wa kuanikia katani, na mafundi makanika wa Maili Moja wakaufanya kiwanja cha mbio. Kiduara kifupi tu, vumbi tupu, zawadi beberu la mbuzi. Watu walikuja mpaka kutoka Kisarawe. Mume wangu ndiye aliyekuwa akiwatesa wenzake, na mie napiga vigelegele mpaka sauti inakauka.

Mama mkwe hakukanyaga pale hata siku moja. "Wendawazimu," ndivyo alivyoziita mbio zile. Nikimsifia mwanawe, ananiuliza kama mboga imeiva.

Kisha petroli ikaadimika, na kijiji kikaamua uwanja ulimwe mihogo ya ujamaa. Haya, watu hawali vumbi. Rafiki za mume wangu wakachangishana petroli ili wakimbie mara ya mwisho, na shemeji yangu aendeshe gari la marehemu. Mie niko edani. Nikamwomba mama mkwe aniache nikatazame kwa mbali tu, nimejifunika gubigubi.

"Loh! Eda ivunjwe kwa sababu ya magari?" akasema. "Na hao wahuni naenda kuwazuia sasa hivi. Udongo wa mwanangu haujakauka!" Akajifunga kanga kiunoni, akatoka.

Nikabaki mkekani. Mara magari yakanguruma. Lake nililijua, lilikuwa linakohoa likiingia kwenye kona, kisha linapandisha sauti likitoka. Nikawa nalia huku naomba mama mkwe asiwahi kufika. Wallahi, niliomba hivyo.

Likazunguka, likazunguka, mwisho likanyamaza.

Mama mkwe alirudi ana vumbi hadi kwenye nyusi. Akakaa kando yangu, akavua kanga ya kiunoni, akaikunja, akaikunjua.

"Nilifika kabla hawajaanza," akasema. "Wakanionyesha ile kona. Kali, jamani! Wote wanapunguza mwendo pale. Wanasema yeye alikuwa hapunguzi. Nikawaacha wakimbie." Akaikunja tena kanga. "Mbona hukuniambia mwanangu alikuwa hodari hivyo?"

"Nilikwambia, Mama."

"Basi niambie tena. Leo nasikiliza."

Nikafungua mdomo nianze. Ikatoka kwikwi, na yeye akanivuta kifuani kwake tukalia pamoja.