Kitabu cha Postikadi Nilichokisafisha

Mimi nilifundishwa kwa kiboko kwamba kitabu hakiandikwi ndani. Shuleni kwetu misheni, ukipatikana na alama ya penseli pembeni mwa ukurasa, ulilazwa kifudifudi na mengine unayajua. Kwa hivyo nilipoajiriwa kushona na kutia vitabu majalada katika duka la Mhindi mmoja Nakuru, miaka ile ya hamsini, kazi niliyoipenda kupita zote ilikuwa kufuta maandishi ya watu wachafu.

Siku moja akaja mama wa Kizungu kutoka Molo, mtu mzima, buti zimejaa udongo wa shamba la viazi. Kitabu chake kilikuwa kimeachana vipande vipande, unyevu wa kule umekula gundi yote. Kilikuwa cha kuwaelekeza wanaokusanya postikadi kuukuu za Amerika: picha za kadi, mbele na mgongo, na chini yake maelezo ya jinsi ya kujua umri wa kila moja. Nilicheka moyoni. Mtu anakaa Molo, anakusanya kadi za Amerika ambazo hata hakuandikiwa yeye! Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kisetla, kile cha walowezi, "Tengeneza hii kitabu. Safisha yote."

Nikasafisha. Pembeni mwa kurasa kulijaa penseli tele, nikafuta siku mbili kwa raba, na karatasi ilipokuwa dhaifu nikasugua kwa chembe za mkate mkavu. Kisha nikashona, nikatia jalada la kitambaa cha kijani, nikajisifu kabisa.

Alipokuja kukichukua alifungua, akafunga, akafungua tena, akaketi. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alieleza polepole kwamba yale yalikuwa maandishi yake ya miaka mingi: kadi ipi anayo, aliipata kwa nani, na wapi kitabu chenyewe kimekosea. Aliposema safisha, alitaka nitoe ukungu. Mwenye duka naye hakuzunguka mbuyu. Maandishi yasiporudi kufikia Ijumaa, nami nisirudi. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza. Niliogopa, sitaficha.

Kesho yake asubuhi jua liliingia dirishani kwa upande, likaipiga meza yangu, nikaona. Kumbe mama yule alikuwa na mkono mzito! Penseli ilikuwa imetoka lakini mifereji yake imebaki kwenye karatasi. Nikawa nainamisha ukurasa kwenye mwanga na kufuata mfereji mmoja mmoja kwa penseli niliyoichonga kama sindano. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, ila ukifuata mkono wa mtu siku nzima unaanza kumwelewa. Nilijifunza kwamba kadi isiyo na mstari katikati ya mgongo ni ya zamani zaidi, kwa sababu enzi hizo upande ule ulikuwa wa anwani tu. Nilijua pia kwamba kadi ya kituo cha treni alipewa na marehemu mumewe. Nikakionea aibu kile kicheko changu.

Ijumaa akaja, akapekua ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye kituo cha treni aliweka kidole juu ya maandishi, akayafuata neno kwa neno. Mwenye duka akaona uso wake, akarudi kwa wateja wengine, nami nikapumua. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja ambao pembeni mwake palibaki patupu. Hapo raba yangu ilikuwa imekula karatasi yenyewe.

"Huu umenishinda, memsahib," nikamwambia.

Aliutazama sana. Hata yeye hakukumbuka alichokuwa ameandika. Akanyoosha mkono, akachomoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio langu, akanipa.

"Andika wewe. Kitu umejifunza."

Nikaulaza ukurasa mezani. Nikaandika kwa Kiswahili, pembeni, kwenye kitabu cha mwenyewe: Mgongo hauna mstari, hii ni ya zamani. Nilikosea herufi moja, nikanyoosha mkono kuchukua raba. Akaifunika raba kwa kiganja chake.