Kijiko cha Mama Mkwe

Kwetu mkoa wa Magharibi, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Desturi nzuri sana kwa mtu mwenye boma. Mimi nilikuwa na chumba kimoja, mtaa wa Lindi, Kibera.

Kwa hiyo mama mkwe alipokuja kutoka Kawangware kumwona mjukuu wake wa wiki tano, nilirukia kitandani nyuma ya pazia na kiatu kimoja mguuni. Akaniuliza habari za kazi. Nikalijibu pazia kwa heshima zote.

Mke wangu akatoka kuteka maji. Punde nikasikia kifuniko cha chupa kikifunguliwa.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Asali ya ushago, ya kule kijijini, mkwe. Huyu mtoto ako na gesi. Namlambisha kidogo tu."

Nesi wa kliniki alikuwa ametuonya: asali, hata iwe safi namna gani, inaweza kubeba vijidudu vilivyolala. Tumbo la mtu mzima huvishinda. Kwa mtoto ambaye hajafika mwaka vinaweza kuamka na kutoa sumu, akalegea mwili, akashindwa kunyonya, hata kupumua.

"Usimpe, Mama! Nesi alikataza!"

"Hao manesi wamezaliwa juzi. Nimelea saba kwa asali."

"Basi ngoja mama yake arudi!"

"Mtoto analia, nangoja nini?"

Nikachungulia. Kijiko kilikuwa kimeshajaa na kinashuka. Kumshika mama mkwe mkono ni mwiko, na kumpigia kelele zaidi ya pale nilishindwa. Akili yangu, ambayo hata siku za kawaida huniaibisha, ikaona njia moja tu. Nilitoka mbio, pazia likang'oka na waya wake likanifunika kichwa, nikapiga magoti mbele yake na kukidaka kijiko kwa mdomo.

Tukatazamana. Yeye ameshika mpini, mimi nimeng'ata upande wa pili. Asali yenyewe ilikuwa tamu ajabu.

Nilipomeza, nikamweleza yote aliyosema nesi.

"Na nikiichemsha?"

"Hata ukichemsha, Mama. Mpaka afike mwaka."

Akamtazama mtoto, akaisukuma chupa mbali naye. Hasira zangu zote zikaniishia, nikaona aibu. Alikuwa amebeba chupa ile kwa mapenzi tu.

Mke wangu akaingia na mtungi, akatukuta hivyo: mimi magotini, pazia mabegani, mama yake hatua moja kutoka puani mwangu.

"Kwani kumetendeka nini hapa?"

"Mtoto amekula asali," mama yake akasema.

Mke wangu akapiga nduru, mtungi ukamponyoka, maji yakatapakaa chumba kizima.

"Si huyu," mama mkwe akasema, akimkumbatia mdogo kifuani. Akaninyooshea kijiko. "Ni huyo mkubwa."