Chura wa Ferista na Upepo wa Malori

Kama umewahi kunusa maziwa yaliyomwagikia kwenye tope la njia ya ng'ombe, kisha yakapigwa na jua la saa nne, basi unajua Ferista Nzunda alivyokuwa akinuka mwezi ule wa pili. Kama hujawahi, shukuru Mungu, unifuate taratibu.

Ferista ni mama wa Ihanda, mjane, mwenye mikono mipana na pua kali kuliko ya paka. Kazi yake ni maziwa. Kila asubuhi hupita kwa majirani wanaofuga, huyapokea, huyachuja kwa kitambaa alichokichemsha mwenyewe, huyajaza kwenye keni, kisha huyapeleka barabarani kwenye lami, ambako gari la maziwa husimama kidogo likiwa njiani kwenda Tunduma. Gari lile halimsubiri mtu.

Chombo chake ni pikipiki ya matairi manne, ile ya michezo, iliyoundwa kwa watu wa kukimbizana na si wa kubeba keni. Ndugu zake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimpatia kutoka kwa mwenye shamba mmoja aliyekuwa anahama. Ni nyekundu, fupi, imechuchumaa, na watu wa Ihanda hawakukawia kuiita Chura. Ferista alichomelewa kichanja cha chuma nyuma yake, na kiangazi chote wakaelewana vizuri, yeye na Chura wake.

Mvua zilipokuja ndipo matairi yakamvua nguo hadharani. Yalikuwa ya kukimbilia pakavu, kashata zake, yale matuta ya mpira ya kushika ardhi, fupi kama meno ya mtoto. Tope likishajaa katikati ya kashata, kinachobaki ni duara laini la udongo linalozunguka palepale. Na msidhani tope la kile kilima cha kwenda lami ni udongo mtupu. Ng'ombe hupita hapo, nguruwe hupita hapo, na kila apitaye huacha chake. Ferista aliteleza, keni zikalala, maziwa yakaingia humo. Wiki haikuisha akateleza tena. Alirudi nyumbani akiwa amepakwa mchanganyiko ambao hata mbwa wake aliunusa akasogea pembeni.

Jumapili baada ya ibada majirani walimzunguka wakamwambia kwa upole, na ule upole ndio uliomuuma. Walisema maziwa yakipotea tena, wataanza kumpa Rabson.

Rabson huyo ni mnunuzi mwingine wa maziwa, mwenye madumu yaliyowahi kubeba dizeli. Huyasuuza kwenye mfereji wa barabarani, na maziwa yake yakionekana mepesi husema ng'ombe walinyweshwa na mvua. Ferista alipowaza maziwa aliyozoea kuyachuja kwa mikono yake yakimiminwa kwenye dumu lile, aliona heri anunue matairi mengine. Kesho yake akaenda mjini Tunduma kuyatafuta.

Alianzia Chapwa, kwa Ezron, mtu waliyewahi kuimba naye kwaya moja. Ezron alikuwa ameyapanga matairi yake mbele ya duka, meusi, yanang'aa, kashata zimekatwa zikakatika.

"Dada Ferista, haya yameingia juzi tu. Hebu tazama kashata hizo."

Ferista hakutazama, alinusa. Oili chafu na masizi. Akapitisha kidole, kikatoka cheusi. Akazamisha ukucha kati ya kashata mbili, na chini kabisa akagusa nyuzi. Kumbe ni vipara, matairi yaliyokwisha kabisa, yamechongwa upya kwa kisu cha moto, kisha yakapakwa rangi ya ujana.

"Ezron, hizi ni nyuzi."

"Hizo ni za kuimarisha, dada yangu."

"Hii ni maiti umeipaka mafuta."

Ezron akacheka bila aibu yoyote. Alieleza kwamba mji mzima unauza hivyo, bodaboda wanatembelea hayohayo, na wala hawajafa wote. Kisha akaongeza kwamba wao ni kanisa moja, na angemwombea safari njema. Mtu akuuzie kipara halafu akuwekee na sala juu yake. Ferista akafuta kile kidole kwenye ukuta mweupe wa duka, akaondoka bila kuaga.

Akavuka mpaka, upande wa pili, Nakonde. Huko muuzaji mmoja alimwita mayo, kama wanavyomwita mama wa heshima, akamtolea matairi ya aina tatu. La kwanza lilikuwa na kashata ndogondogo zilizobanana, la barabara ngumu. La pili lilikuwa na mapezi makubwa kama makasia, la mchangani. La tatu kashata zake zilikuwa ndefu, nene, zimeachana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Ferista hakuuliza lipi ni zuri, kwa maana anayeuza yote atakuambia yote ni mazuri. Aliyabeba moja moja hadi kwenye dimbwi la tope mbele ya duka, akalikandamiza kila moja, akaliinua, akalitikisa. Lile la kwanza lilibaki na tope lake. La pili likabaki na nusu. La tatu likaliachia tope lote likadondoka chini, pu.

"Nifungie manne kama hili," akasema, huku watu wakimwangalia mama mzima alivyochafuka kwa hiari yake.

Akarudi nayo Ihanda kwa Efraimu, fundi wa matairi ya malori pale kwenye lami. Efraimu ni kijana mwema na mchapakazi, ila amelelewa na malori. Kwake yeye upepo hautoshi mpaka ugonge tairi kwa nondo nalo lilie. Tairi lisilolia ni aibu ya fundi. Madereva watasema kompresa yake imechoka. Basi akamfunga Chura matairi mapya, akayajaza, akagonga, akasikiliza, akaongeza, akagonga tena, mpaka yote manne yakalia kama kengele ya shule. Ferista akashukuru.

Kesho yake Chura hakutembea, alidunda. Kila kijiwe kilimrusha. Kilimani akazunguka palepale kama zamani, akaserereka hadi kwenye mfereji, wachungaji wa ng'ombe wakamsukuma kutoka chini huku tope la ng'ombe likiwarukia vifuani. Alifika lami akihema. Dina, dada anayepokea maziwa ya gari, akafungua keni ya kwanza. Juu yake yalikuwa yanaelea madonge ya njano.

"Mama, umeleta siagi," Dina akasema. "Siwezi kuyapokea haya."

Kudunda kule kote kulikuwa kumeyasukasuka maziwa. Ferista akayarudisha, akawamwagia nguruwe, na hata nguruwe walivyoyafakamia kwa pua zile hakutaka kuwaangalia. Majirani hawakugomba. Walimwambia tu kwamba kesho watampa nafasi ya mwisho.

Usiku ule alimchukia muuzaji wa Nakonde, akamchukia Ezron, akamchukia na Chura. Asubuhi akapakia maziwa, akapanda, na kilimani Chura akakwama mahali palepale. Kutoka kwenye lami alisikia malori yakipishana. Gari la maziwa halikuwa mbali.

Ferista akashuka na kupiga magoti kwenye lile tope lenye kila kitu, nia yake ikiwa kulitukana tairi kwa karibu. Ndipo akaona. Tope lilikuwa limeshika mstari mmoja tu, katikati. Kashata za pembeni zilikuwa safi, bado zina vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Tairi pana lote lile lilikuwa linakanyaga kwa uti wa mgongo tu. Limevimba kama tumbo la ng'ombe aliyelishwa vibaya, na kitu kilichovimba hakishiki ardhi.

Akachukua ncha ya ufunguo, akabonyeza kipini cha upepo. Upepo ukatoka kwa kelele, unanuka mpira na mafuta ya kompresa, ukampiga usoni. Akaziba pua kwa kanga akaendelea kubonyeza, hadi mashavu ya tairi yakatoka nje kidogo na kashata za pembeni zikagusa chini. Akafanya hivyo kwa yote manne. Akawasha. Chura akauma tope, akalitupa nyuma, akauma tena, akapanda kile kilima polepole kama mtu mzima anayejua anakokwenda.

Dina alifungua keni, akainamia, akanusa, akachota kidogo. Kisha akaanza kumimina. Rabson alikuwa amesimama hapo pembeni na madumu yake, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Lakini Efraimu alikuwa ameyaona yale matairi yaliyolegea, tena mbele ya kibanda chake, madereva wakitazama. Akaja anaburuta mpira wa kompresa.

"Mama, nani amekufanyia hivi? Ngoja nikusaidie, sitaki hata shukrani."

"Ukigusa hapo, Efraimu mwanangu, nitakugonga kwa hiyo nondo yako mpaka ulie wewe."

Akamwinamisha, akamwonyesha tope lilivyoenea tairi zima. Efraimu alilitazama, akalikwangua kwa kidole, akakubali kwamba kweli linashika. Hata hivyo uso wake ulikuwa umekunjamana kama mtu aliyeonyeshwa kidonda. Alisema yeye hawezi kulivumilia, watu watadhani ndiye aliyeliacha tairi limelegea hivyo. Akamwomba, kwa heshima zote, asiegeshe tena mbele ya kazi yake.

Basi siku hizi Ferista huegesha ng'ambo ya lami, kando ya banda la kuchoma nguruwe, kwenye nzi na utumbo uliomwagwa jana. Anapachukia mahali pale. Hujifunga kanga puani, hushusha keni zake moja moja, na Dina huvuka barabara kuzifuata. Maziwa ya majirani bado yanapita mikononi mwake.